Mhudumu wa Afya Akiwa Jirani, Siri Itakaa Wapi?

Shangazi yangu alikuwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika kijiji kimoja cha mkoa wa Kigoma. Siku moja nikiwa barazani kwake alikuja binti wa nyumba ya pili, akaamkia na kuomba dawa ya kichwa, akapewa. Kesho yake alirudi na ombi lilelile. Siku ya tatu hakuingia hata uani; alisimama kando ya njia akichezea pindo la kanga, na alipoona mama mmoja anakuja kuteka maji akaondoka. Shangazi alikwisha kutambua kwamba alichokifuata ni vidonge vya majira, yaani vya kuzuia mimba, vilivyokuwa ndani ya mkoba uliotundikwa nyuma ya mlango. "Hawezi kuniambia mimi, mwanangu," alisema. "Nimembeba mgongoni, na mama yake naimba naye kwaya."

Namkumbuka binti huyo kila ninaposikia mpango uliozinduliwa Tanzania Bara Januari 2024, unaokusudia kuwa na wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 katika miaka mitano. Ninauunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu mwanamke anayetembea saa mbili kwenda zahanati na kuambiwa sindano za uzazi wa mpango zimekwisha, arudi wiki ijayo, mara nyingi harudi, na sindano ya miezi mitatu haisubiri nauli ipatikane. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 31 tu ya wanawake walio katika ndoa wanatumia njia za kisasa za uzazi wa mpango, na kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, 22 wamewahi kupata ujauzito.

Lakini mhudumu huchaguliwa na wanakijiji wenzake, naye huishi miongoni mwao. Kwa malaria na lishe ya watoto hilo ni jambo jema kabisa, maana hakuna anayeona haya kusema mtoto wake ana homa. Kwa uzazi wa mpango, kujuana huko huko ndiko kunakomfunga mtu mdomo, hasa msichana ambaye hajaolewa, au mke ambaye mumewe hataki kusikia habari hizo na kila siku hukaa kijiweni na kaka wa mhudumu. Wapo wanaodhani semina ya siku mbili kuhusu kutunza siri inatosha. Haitoshi, kwa kuwa binti yule hakuwa na shaka na ulimi wa shangazi; alichokiogopa ni macho yake, na kukutana nayo kila Jumapili kanisani.

Daftari nalo lina hatari yake. Shangazi aliandika jina la mteja na njia aliyopewa katika daftari lililokaa mezani, mahali ambapo wajukuu hufanyia kazi za shule. Namba ya mteja ingetosha, na orodha ya majina ikabaki zahanati chini ya kufuli.

Suala la malipo silirefushi: mtu anayezunguka kaya kwa kaya juani kwa posho isiyo na tarehe ataacha, na akiacha anaondoka na siri za watu bila mtu wa kumwajibisha.

Shangazi hakusubiri mwongozo wa mtu. Alipatana na mhudumu wa kitongoji cha ng'ambo ya mto, mwanamke wa miaka ishirini na kitu asiye na undugu wowote huku kwetu, kwamba wasichana wa kwetu waende kwake na wa kwake waje kwa shangazi, bila kuulizwa wametoka wapi. Viongozi wao walinung'unika kwamba takwimu za vitongoji zinachanganyika. Binti yule alivuka mto wiki iliyofuata, akiwa na ndoo kichwani kama anayekwenda kuteka maji.