Ati kasi ya bure

Jamani hebu mniambie, huyu aliyesema kuovakloki kadi ya grafiki (yaani kuikimbiza hiyo kadi inayochora picha za skrini kupita mwendo wa kiwandani) ni kasi ya bure anaishi wapi? Maana mie niko hapa Amu, kisiwani Lamu, mwezi wa tatu, kaskazi ishalegea na kusi haijaja, jani la mnazi halitikisiki, saa nne usiku chumbani nyuzi 31, na huyo bwana anataka nipandishe joto zaidi kwa hiari yangu mwenyewe. Wote wanakwambia "kadi yangu haipiti nyuzi 60 wallahi", ukichunguza unakuta mtu yuko Kanada, dirisha kaliacha wazi, theluji iko mlangoni. Kwa baridi ile hata pasi ya nguo unaiovakloki.

Mambo haya kayaleta mpwa wangu. Kanunua kompyuta ya mtumba, eks-UK, zile ndogondogo za ofisi, prosesa (ule ubongo wa mashine) ya 2012, ramu kijiti kimoja cha giga 4, akaja kuiweka kwangu ati kwao hakuna nafasi (kwao kuna nafasi, hakuna tokeni za stima). Kisha kadi ya grafiki, ya kuchezea gemu la mpira, ikaagizwa Mombasa, ikapanda basi, ikavuka Mokowe kwa boti ndani ya boksi la maziwa ya unga ili isiingie maji ya chumvi. Jina la hiyo kadi silitaji, makampuni makubwa yana mawakili na mie hata nauli ya kwenda kotini sina. Wajuzi watajua, ni ile iliyotoka namna mbili kwa jina moja, moja memori yake inapitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya pili inapitisha 16.8. Jina lile lile! Kwa hiyo muuzaji akikwambia "ndiyo hiyo hiyo bosi" huwezi hata kumwita muongo. Na ipi iliyovuka Mokowe sina haja ya kusema.

Tena njia ya hiyo memori ni biti 64 tu. Biti 64 ni kichochoro cha Mkomani, punda wawili wenye mizigo wakikutana humo mmoja hana budi arudi kinyumenyume. Sasa kijana yuko kwenye ile programu ya kuovakloki, Afterburner, anasukuma slaida ya kloku, yaani mwendo wa kadi yenyewe, ongeza megahezi 50, ongeza 100, ongeza 150, punda anachapwa kwelikweli lakini atakwenda wapi na mwenzake yuko mbele kabeba mawe? Nikamwambia mwanangu, kadi hii upandishe memori, hapo ndipo ilipokwama. Akanijibu "mjomba, haya waachie vijana". Kesho yake kaja mbio na habari mpya, mjomba kumbe kadi za namna hii unapandisha memori! Kagundua mwenyewe. Haya, hongera.

Slaida ya pawa, ya kuiruhusu kadi ile umeme zaidi, ambayo ndiyo yenye maana, ni ya kijivu, huigusi. Kadi haina hata pa kuchomeka waya wa pembeni, inakula kwenye sloti tu, na sloti yenyewe mwisho wake wati 75, ila hii yetu hata 30 haifiki, balbu za zamani za chooni zilikula zaidi. Lakini joto sasa! Ndani ya kiboksi kile joto halina pa kutokea na ukiliuliza litakwambia lilikuja kutembea likapenda mahali.

Siku tulipofungua hiyo CPU (najua CPU ni ile prosesa, lakini hapa kwetu boksi lote ni CPU na litabaki hivyo) ndipo nilipoona maajabu. Vumbi la chini ni la Uingereza, la zulia, la kijivu, limeshikana unalichuna kipande kizima na bado lina nywele za mzungu. Juu yake mchanga wetu sisi, mweupe, safi. Ile pesti juu ya prosesa, ya kuitoa joto, imekauka inamomonyoka kwa ukucha. Na kwenye pembe nyuma ya pawa saplai, mayai mawili ya mjusi kafiri, meupe, yamegandishwa kwenye bati kwa ustadi, mama yao kayaweka pale kwenye upepo wa moto yaanguliwe kwa stima yangu. Mama mkwe alipoyaona akasema huyo mjusi muue mwanangu upate thawabu. Mjusi kasikia au vipi, kaingia nyuma ya ubao hajatoka mpaka leo. Tangu siku ile paka wa jirani kahamia kwetu, anamngoja, na pa kumngojea amechagua palepale kwenye matundu ya kutolea joto, kalala kayaziba yote manne pande zote. Nyuzi za kadi zikafika 84. Unamfukuza anakwenda mpaka mlangoni, anahesabu hatua zako, anarudi.

Pesti mpya hapa kisiwani haikupatikana, fundi mmoja wa Langoni ananishauri nitie dawa ya meno, anasema ile yenye mistari ndiyo nzuri zaidi. Nikamshukuru. Nikaenda zangu.

Basi kuovakloki ukimaliza lazima ujaribu kama imekaa sawa, na jaribio lenyewe ni programu moja inaitwa FurMark, inaweka donati lenye manyoya katikati ya skrini linazunguka. Hilo tu. Halifungi goli, halisemi neno, linazunguka nusu saa na tokeni zinashuka. Mke wangu akasimama nyuma yetu kwa muda, mikono kiunoni, akauliza, "Hilo laliwa?" Mpwa akasema hapana shangazi, tunapima. "Mwapima nini?" Tunapima kama litazimika. Akatikisa kichwa akaenda, na tangu hapo kila bili ikija, hata ya maji, ni la donati.

Tukarudi kwenye gemu la mpira. Ah! Ukipitisha kiasi memori inaanza kuona vitu, uwanja ukawa wa pinki, golikipa hana kichwa na bado akadaka mpira, mashabiki wamegeuka mistari mirefu inayokwenda mbinguni, halafu skrini ikazima nyeusi, ikarudi, draiva, ile programu inayoiendesha kadi, inasema ilikwama ikajianzisha upya. Mie moyo uko kooni, kijana anapiga makofi, "tumepata limiti mjomba!" Yaani anashangilia. Zamani zetu kitu kikizimika ukiwa umekishika wewe unakimbia.

Mwisho wa hayo yote, fremu, yaani picha za gemu kwa sekunde, 31 zikawa 34. Tatu. Na hizo tatu zipo tu feni ya mezani ikiwa imeelekezwa kwenye kadi, feni hiyo ni ya mama mkwe, mama mkwe anajipepea kwa kipepeo cha makaa na kila akipepea ananitazama mie. Ikiondolewa feni kadi inaona moto, inajishusha yenyewe kidogokidogo, inarudi 31. Kwani hizi kadi tangu 2012 huko zimeanza kujipandisha na kujishusha zenyewe, pakiwa na nafasi zishaichukua kabla wewe hujakaa kitini, unaokota makombo. Waliofaidi ni watu wa 1998 na prosesa ya Intel, Celeron 300A, unapandisha basi yake (si ya abiria, ni kloku ya ubao inayoiongoza prosesa) kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ya megahezi 300 inakwenda 450 na haijui hata kama imeibiwa. Huo ndio ulikuwa ubure. Sisi tumefika mezani sahani zishaoshwa.

Jana kijana kaja tena, macho yanawaka, kasoma usiku kucha. Ati kadi haina kosa mjomba, prosesa ndiyo inaivuta nyuma, tuovakloki prosesa. Nikavaa miwani nikasoma kibandiko. Prosesa hizi za Intel zilizofunguliwa ili ziovaklokiwe zina herufi K mwishoni mwa jina, hii haina, imefungwa kiwandani. Nikamwambia nenda kaitafute hiyo K, kama iliangukia Mokowe wale wapagazi watakuwa wanaijua, na ukitoka mrudishie bibi yako feni.

Katoka. Feni kaiacha palepale.