Kusoma kwanza, jamii baadaye? Tuitazame upya ratiba ya darasa la kwanza na la pili

Mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokuja Tanzania Bara mwaka 2015 ulielekeza asilimia 80 ya muda wa masomo kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Muda uliobaki ukaenda kwenye afya, mazingira, michezo na sanaa. Maarifa ya Jamii yakasubiri darasa la tatu. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 umeleta Kiingereza tangu darasa la kwanza, na Historia ya Tanzania na Maadili kuanzia la tatu, ila utaratibu wa stadi kwanza na masomo ya jamii baadaye umebaki.

Uamuzi ule haukutoka hewani. Tafiti za Uwezo, mpango wa kupima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, zilianza mwaka 2010 na zilionyesha watoto wengi wa darasa la tatu wakishindwa kusoma hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Mtoto asiyejua kusoma ukimpa kitabu cha historia umempa picha tu za kutazama. Isitoshe, mwalimu mwenye wanafunzi zaidi ya mia moja na kipindi cha dakika 30 akiongezewa somo la jamii, anachoweza ni kuandika ubaoni maana ya familia na kazi za mwenyekiti wa kijiji, watoto wanakili, kengele inalia. Hapo hakuna kilichojifunzwa, na dakika za kusoma zimekwenda.

Hata hivyo, nina wasiwasi na kile tunachokiita kusoma. Maandishi ya Kiswahili hufuata sauti kwa karibu sana, kwa hiyo mtoto aliyeshika silabi zake anaweza kutamka karibu neno lolote. Mwandikie mtoto wa Kongwa, Dodoma, mbali na bahari, ubaoni: "Meli imetia nanga bandarini." Ataisoma vizuri, bila kukwama, na kwenye upimaji atahesabiwa kuwa anajua kusoma. Muulize nanga ni nini, au meli inafuata nini bandarini, atakutazama. Kwa mtoto ambaye nyumbani wanazungumza Kimaasai au Kisukuma, pengo hilo ni kubwa zaidi.

Mwaka 1988 watafiti wawili wa Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie, waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Waliokuwa wasomaji dhaifu lakini wanaujua mchezo waliielewa na kuikumbuka habari ile kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Ufahamu, basi, unategemea sana kile msomaji anachokijua tayari kuhusu jambo linaloandikwa. Tukimpitisha mtoto miaka miwili kwenye silabi na sentensi zisizohusiana, anafika darasa la tatu anatamka vizuri, kisha anakutana na utawala, ramani na historia kwa mpigo. Walimu wa darasa la nne wanalalamika kwamba watoto wanasoma swali lakini hawajui linauliza nini. Mimi naona chanzo ni hapa.

Sidai somo jipya kwenye ratiba. Ninachotaka ni vipindi vilevile vya kusoma na kuandika vishike jambo moja la jamii kwa wiki nzima. Tuseme wiki hii ni maji ya kijijini. Jumatatu watoto wanaeleza kwa mdomo nani huchota, wapi, na pampu ikiharibika huambiwa nani. Lugha ya nyumbani isikatazwe hapo. Mwalimu anaziandika sentensi zao ubaoni, na hizo ndizo zinazosomwa Jumanne na Jumatano. Silabi za wiki zinatolewa humohumo: ma, ji, ndo, pa, mpu. Alhamisi kila mtoto anaandika sentensi yake. Ijumaa wanasomeana wawili wawili.

Ugumu upo, na si wa kupuuza. Mwalimu mgeni kijijini huenda asijue habari za maji ya pale, na silabi za azimio la kazi, yaani mpango wa mwalimu wa kufundisha kwa muhula, haziji kila mara kwa mpangilio unaotakiwa. Wiki nyingine itabidi arudi kwenye kitabu, na hakuna ubaya. Kikwazo kikubwa nakiona kwenye ukaguzi. Mwalimu anajua atadaiwa andalio la somo, yaani mpango wa kipindi kimoja, linalofanana na azimio, kwa hiyo hathubutu. Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, wakikuta kipindi cha kusoma kinazungumzia pampu ya kijiji, wawape kwanza watoto zile sentensi wazisome na waeleze zinasema nini, ndipo walifungue faili la mwalimu.