Tulichagua Mwezi wa Tano

Dada yangu ni muuguzi mjini Edinburgh, na kwa muda mrefu amekuwa akitualika tumtembelee. Kilichotuchelewesha si nauli wala visa peke yake, bali hali ya hewa ya Scotland, ambayo katika ukoo wetu ilijadiliwa kwa makini ambayo hata mahari haijawahi kujadiliwa.

Mtaalamu wetu alikuwa mjomba, aliyesoma Glasgow miaka ya 1970 na ambaye tangu arudi hajaacha kutembea na mwavuli, hata Januari, Nairobi ikiwa kavu kabisa. Yeye ndiye aliyeongoza kikao nyumbani kwetu South C, mtaa wa Nairobi. Alianza kwa kuufuta mwezi wa Desemba, kwa kuwa wakati huo jua la Edinburgh huzama kabla ya saa kumi alasiri, akaufuta na Novemba kwa kosa hilohilo. Juni ulitetewa na mke wangu, lakini mama aliposikia kwamba mwezi huo mwanga huendelea hadi saa nne usiku na zaidi, aliuliza watoto wa huko hulala saa ngapi, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu vizuri, Juni nao ukaanguka. Julai ulikataliwa kwa sababu ya vijidudu vinavyouma watu milimani, vidogo kuliko mbu na vinavyotembea kwa makundi. Mke wangu, ambaye amelelewa Kisumu, alisema hawezi kumkimbia mdudu asiyeleta malaria, ila hakupigiwa kura. Kuhusu Agosti, dada mwenyewe alituandikia kwamba huo ni mwezi wa tamasha kubwa la sanaa lililoanza mwaka 1947, vyumba mjini hupanda bei, na chumba chake cha wageni hukikodisha. Undugu, alisema, usubiri Septemba.

Ukabaki mwezi wa tano. Mjomba alitueleza, akichora kwa kijiti cha meno juu ya kitambaa cha meza, kwamba pepo za Atlantiki huleta mvua kutoka magharibi, milima ya upande huo ikaipokea sehemu kubwa, na Edinburgh iliyoko mashariki ikabakiwa na makombo. Tena mwezi wa tano ni miongoni mwa miezi mikavu na yenye jua jingi. Alituonya tu kuhusu ukungu wa baharini uitwao haar, ambao hutokea hewa yenye joto inapopita juu ya maji baridi ya Bahari ya Kaskazini, na ambao unaweza kuufunika mji mchana huku vijiji vya bara vikiota jua. Kwa ajili ya ukungu huo nilikwenda soko la Gikomba nikanunua koti la sufu linalofika kwenye vifundo vya miguu, zito kiasi kwamba muuzaji alinisaidia kulivaa.

Kwa mwaka mzima Edinburgh hupata mvua ya milimita 700 hivi, na Nairobi hupata zaidi ya hapo. Tofauti ni kwamba wao hugawiwa kidogo kidogo kila wiki, sisi humwagiwa yote kwa mkupuo, hasa mwezi wa nne na wa tano. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba South C haikutajwa.

Ndege ilikuwa iondoke saa tano usiku. Mvua ilianza usiku wa kuamkia safari, na ilipofika saa kumi jioni barabara yetu ilikuwa imetoweka. Dereva wa teksi alisimama ng'ambo ya maji akapiga simu kunieleza, kwa heshima kubwa, kwamba gari lake si mtumbwi. Ndipo akaja kijana mwenye mkokoteni, ambaye siku za mafuriko huvusha watu kwa malipo. Alimpandisha mke wangu, akapandisha masanduku, kisha mimi na koti langu, nililokuwa nimelivaa ili kupunguza uzito wa mizigo.

"Mzee, unaenda wapi na koti kama hilo?" aliuliza tulipofika katikati.

"Scotland."

"Kwani huko kuna nini?"

"Hali ya hewa hubadilika sana," nilimjibu, "lakini tumechunguza tukaona mwezi wa tano huwa kukavu."

Kijana alicheka hadi akaachilia mkono mmoja, na mkokoteni ukainama upande wangu. Maji yalinifika kiunoni tu, lakini koti lilikunywa yaliyokuwepo, na ilibidi wanaume watatu wanivute huku mke wangu akiwa ameinua pasipoti juu ya kichwa na kuwaelekeza washike wapi. Tulifika uwanjani baada ya dawati kufungwa. Mhudumu alinitazama, akatazama dimbwi lililokuwa likienea miguuni pangu, akatuuliza tumetoka nchi gani.

Jioni iliyofuata dada alitutumia picha ya watu waliojilaza kwenye nyasi za bustani wakiwa vifua wazi. Mjomba aliitazama kwa muda mrefu akasema utabiri wake ulikuwa sahihi, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga. Tiketi zetu zimesogezwa hadi Novemba, kwa kuwa ndizo nafasi tulizoweza kulipia. Mama ametununulia tochi kwa ajili ya giza la saa kumi, mke wangu ameweka chumba karibu na uwanja wa ndege kwa siku mbili kabla ya safari, na mimi nimehifadhi namba ya kijana wa mkokoteni, ambaye ananiambia kwamba wakati wa mvua za vuli pia huwa na kazi nyingi, na kwamba wenye makoti hulipa zaidi.