Palazzo Strozzi: maboti ya mpira kwenye jumba la mtoto wa uhamishoni

Septemba 2016, wapita njia mjini Florence, Italia, walikuta madirisha ya jumba la Palazzo Strozzi yamezungushiwa maboti 22 ya mpira, ya rangi ya machungwa. Ilikuwa kazi ya Ai Weiwei, msanii wa Kichina, na hakuna aliyehitaji kuelezwa maana yake: mwaka ule peke yake zaidi ya watu 5,000 walikufa au kupotea wakijaribu kuvuka Bahari ya Kati. Mji ukagawanyika. Wapo walioona ni aibu, kwamba jumba la karne ya 15 limegeuzwa ubao wa kubandikia matangazo.

Hoja yao si ya kupuuza. Ukuta wa Strozzi ni somo tosha: mawe ya chini yamechongwa kwa ukali, yanalainika kadiri jicho linavyopanda, mpaka kwenye pindo zito la paa alilolisanifu msanifu majengo Cronaca. Aliyesafiri mbali kuja kuliona ana haki ya kunung'unika akilikuta limevalishwa mpira. Tena kushtua watu kila mwaka nako huchosha. Mwaka 2018 msanii Carsten Höller aliweka mateleza marefu katika ua wa ndani, wageni wakashuka nayo wamepakata miche ya maharage. Hapo mimi pia nilikuna kichwa.

Lakini anayetaka jumba hili liachwe "kama lilivyokuwa" aseme ni lini. Filippo Strozzi, mwenye benki, aliweka msingi tarehe 6 Agosti 1489, saa iliyochaguliwa na wanajimu. Akafa mwaka 1491, hajalala humo hata usiku mmoja. Mwaka 1538 Cosimo de' Medici, mtawala wa Florence, akalitaifisha, na miaka 30 ikapita kabla ukoo wa Strozzi haujarudishiwa. Na kama ni utulivu wanaoutafuta, hawataupata hata kwenye ujenzi. Luca Landucci, muuza dawa mwenye duka jirani, alilalamika katika shajara yake juu ya vumbi, nyumbu na punda waliobeba vifusi, na watazamaji walioziba njia. Tribaldo de' Rossi, mwenyeji mwingine wa mji, siku ya msingi alitupa sarafu shimoni, kisha akatuma watoto wake waletwe. Mwanawe Guarnieri akatupa sarafu, akatupa na kishada cha mawaridi alichokuwa nacho mkononi, baba akimsisitiza aikumbuke siku ile. Jumba lilikuwa tamasha kabla halijapata ukuta.

Wapinzani hutolea mfano Palazzo Davanzati, hatua chache kutoka hapo, ambako mgeni huona vyumba vya kale na vyombo vyake. Ni pazuri, nenda. Ila fahamu kwamba aliyeirudishia nyumba ile sura ya kale ni Elia Volpi, mfanyabiashara wa vitu vya kale, aliyeifungua mwaka 1910, na miaka sita baadaye vyombo vyake vikapigwa mnada New York. Uasilia nao una wapambaji wake. Watu wa Mombasa wanalijua hili: Fort Jesus, iliyochorwa na Mwitaliano Cairati, imekuwa ngome, ikawa gereza mpaka 1958, leo ni makumbusho, na sijasikia anayedai wafungwa warudishwe.

Kinachonishangaza ni kwamba katika kelele zote zile wachache waliuliza Strozzi mwenyewe alikuwa nani. Baba yake, Matteo, alifukuzwa Florence mwaka 1434, ukoo wa Medici uliposhika hatamu, akafia ugenini. Marufuku ikaja kuwafuata wanawe. Filippo alitengeneza utajiri wake Naples, na hakuruhusiwa kurudi nyumbani mpaka mwaka 1466. Najua, mwenye benki hasafiri kwa boti la mpira, na hakuna aliyemzuia ufukweni akimtaka karatasi. Hata hivyo, mapambo yale ya machungwa yaliikaribia historia ya nyumba kuliko kiti chochote cha kale ambacho kingenunuliwa kujaza ukumbi.

Leo taasisi iliyoundwa mwaka 2006 ndiyo inayoendesha maonyesho, na maktaba ya Gabinetto Vieusseux imo humo humo. Tiketi ni ya maonyesho tu. Ua wa ndani ni bure. Una milango ya pande tatu, kwa hiyo mwenyeji hukatiza na mfuko wake wa sokoni, akaingia mtaa huu na kutokea ule. Nje, chini ya ukuta, kuna benchi la mawe. Ukikaa hapo inua macho pembeni uone taa za chuma za Niccolò Grosso, mhunzi aliyepachikwa jina Caparra, yaani Arubuni, kwa sababu hakuinua nyundo kabla hujamlipa kitangulizi.

Maboti yalishushwa Januari 2017. Barua za Alessandra, mama yake Filippo, zipo hadi leo. Mjane huyo aliwaandikia wanawe kule Naples miaka na miaka, akiwatumia jibini na shamari kutoka nyumbani. Mdogo wao, Matteo, aliyepewa jina la baba yake, alifia huko mwaka 1459. Mama hakuwepo kumzika.