Kofi lililoondoka na ndevu zangu

Wakuu, wale mnaosema kuigiza tamthilia ni kukaa sebuleni na kulialia, ngoja niwasimulie nilivyopoteza kazi kwa ajili ya kinyozi.

Nilikuwa naigiza tajiri mmoja katili, mwenye wake wawili na ndevu. Ndevu ndo zilikuwa uhusika wenyewe, kila nikitaka kumdhulumu mtu nazichezea kwanza. Lile gari jeusi mlilokuwa mnaliona ni la kukodi, mi nilikuwa narudi Mbagala kwa daladala nimening'inia mlangoni, suti iko kwenye begi.

Sasa tamthilia hairekodiwi kwa mpangilio mnaouona kwenye tivii. Nyumba imekodiwa Goba siku nne, basi sini zote za sebuleni, hata za epsodi kumi tofauti, zinapigwa siku hizo hizo, asubuhi unamzika mkeo mchana unamchumbia. Jumatatu tukapiga za nje, nagonga geti la mke mdogo kwa hasira. Nikishafunguliwa, huko ndani tunapiga Alhamisi.

Jumatano nikaenda kuchonga kidogo tu. Kinyozi wangu shabiki kindakindaki, akaanza kuniuliza yule mtoto hasa ni wa nani, mi na uchovu wangu nikasinzia kwenye kiti, kuja kushtuka spiriti inaniunguza mpaka kidevuni. Kidevuni! Kutazama kioo namwona mdogo wangu wa kidato cha pili. Jamaa anatabasamu, "Braza nimekutoa kijana, zile zilikuwa zinakuzeesha." Na hela akachukua.

Alhamisi dairekta aliponiona hakusema kitu, akakaa chini kwenye kreti la soda. Dada wa mekapu akakata rasta alizobakiza, akanibandika na gundi ya kope, kwa mbali nilikuwa mtu kabisa ila ukisogea nafanana na ufagio. Tukaanza. Feni imezimwa maana inaingia kwenye sauti, mataa yanawaka, mi niko ndani ya suti, jasho hilo. Skripti inasema mke mdogo anagundua nimeuza nyumba, ananizaba kofi, halafu anakiangalia kiganja chake kwa majuto. Na yule dada akizaba anazaba kweli, hana mambo ya kuigiza. PAA! Akakiangalia kiganja kwa majuto, ndevu ziko hapo. Zote. Na yeye, Mungu ambariki, wala hakusimama, akaendelea na mistari yake huku kazishika, machozi yanamtoka, "Umeniachia nini mume wangu, umeniachia nini!" Kamera ikaanza kutikisika, kumbe kamerameni kajikunja anacheka, mshika maiki ndo kabisa, kaiangushia kwenye sinia la pilau.

Mwandishi akapigiwa simu usiku ule ule, akasema msihangaike, huyu apate ajali. Nikafungwa bandeji kichwa kizima, yakabaki macho na matundu ya pua, nikalala koma epsodi sita. Ukiwa koma huna mistari na hela nayo inapungua. Mama akapiga kutoka Korogwe analia kweli kweli, nikamwambia mama si ndo unaongea na mimi hapa, akasema najua mwanangu, lakini daktari kasema hali yako mbaya.

Ndevu zikaota. Nikampigia dairekta na furaha yangu, akakohoa, akaanza kunipa habari za Marekani, eti yule Ridge wa tamthilia yao ya The Bold and the Beautiful, Ronn Moss kamwigiza toka 1987 mpaka 2012, mwaka uliofuata akaja Thorsten Kaye, Ridge ni yule yule sura nyingine na watu wakazoea. Mi namsikiliza tu, naitikia "eeh, eeh", hata sijui anaelekea wapi.

Siku ya epsodi yenyewe nikaita mpaka majirani. Nesi anafungua bandeji taratibu, muziki wa huzuni, ya mwisho ikadondoka, pale kitandani kalala jamaa mwingine kabisa, mweupe, mrefu, ana ndevu zake mwenyewe hajaazimwa na mtu. Mke mdogo akamrukia kifuani, "Mume wangu, hujabadilika hata kidogo!"

Majirani wote wakanigeukia. Simu ikaita, mama.

"Afadhali umepona baba. Na umependeza."