Apu ya treina kwa mtu wa triathloni: angalia kwanza kesho asubuhi unakimbia nini

Kuna kaka mmoja wa hapa Kisasa, Dodoma, kanunua treina, mashine ya kuendeshea baiskeli yako ndani ya nyumba, ile unatoa tairi la nyuma mnyororo unaingia kwenye mashine moja kwa moja, sasa kaniuliza alipie apu gani ya kufanyia mazoezi, Zwift au TrainerRoad, maana mwakani ana 70.3 yake ya kwanza, yaani triathloni ya nusu Ironman, unaogelea, unaendesha baiskeli, unakimbia, na hela ya kulipia zote mbili hana. Nilianza kumjibu kwa simu nikaona maelezo yanazidi kuwa marefu, bora niyaandike yote.

Najua kuna watakaosema Dodoma hii mtu unaendesha baiskeli chumbani ya nini, na wana hoja, mvua ni Desemba mpaka Aprili hivi, baada ya hapo pakavu, na asubuhi ya mwezi wa saba hewa ni safi kabisa. Ila barabara ya Morogoro ndo hiyohiyo ya malori yanayokwenda Singida mpaka Rwanda na Kongo, na mtu anayetoka kazini Mtumba, kule mji wa serikali, saa kumi na moja na nusu, mpaka afike nyumbani abadilishe nguo giza limeshaingia. Kwa mtu huyo katikati ya wiki treina inamwokoa.

Tuje kwenye Zwift. Yenyewe ni kama gemu, unaendesha kwenye kisiwa cha kubuni kinaitwa Watopia, na wale unaowaona pembeni ni watu kweli wako majumbani kwao dunia nzima. Kwangu faida yake kubwa ni hao watu. Mimi naweza kumaliza wiki nzima sijakutana na baiskeli ya mashindano barabarani zaidi ya yangu, na kuna Jumatano nyingi nimechoka hoi ambazo nisingepanda kabisa kama sio yale mashindano ya saa mbili usiku, unajua wenzio wanaanza na wewe unataka uwepo.

Lakini mashindano yale yanakufundisha kitu ambacho siku yako haikihitaji. Kwenye 70.3 sisi watu wa kawaida tunaendesha kilomita 90 bila ruhusa ya kujificha nyuma ya mwenzio, unashika mwendo mmoja wa wastani muda wote, af unashuka unakimbia kilomita 21.1. Kule Zwift dakika mbili za mwanzo ni vita, ukifika mlimani vita, mwisho vita tena. Jumatano unashuka miguu inatetemeka, Alhamisi ulipanga kukimbia kilomita 12 na vipande vya kasi ndani yake, unakimbia 6 unarudi. Baiskeli imekula kukimbia, na kwenye triathloni hapo umepata hasara hata kama umeshika nafasi ya tatu. Dawa ipo kiasi: ukichagua baiskeli ya TT, ile ya mbio za mtu peke yake na saa, humohumo Zwift hupati msaada wa kujificha nyuma ya watu, kwahiyo unaendesha peke yako kwa nguvu yako mwenyewe, na hapo inafanana na siku yenyewe.

TrainerRoad haina kisiwa wala mashindano, ni grafu tu na wati, yaani kipimo cha nguvu unayokanyagia, unazotakiwa uzishike. Ina mipango ya triathloni kuanzia ile fupi mpaka ndefu kabisa, na tangu 2021 inarekebisha mazoezi kutokana na ulivyofanya. Kwa mtu mwenye kazi na watoto hii ni nafuu kubwa sana, unafungua unakuta kazi ya leo iko pale. Shida ninayoiona iko kwenye namba, maana kila kitu kinapimwa kutoka FTP yako, yaani nguvu unayoweza kuishikilia kama saa moja, na wengi wanaipata kwa kuendesha dakika 20 kwa nguvu zote wanachukua asilimia 95 ya wastani. Sasa ukipima saa kumi na moja alfajiri, af mazoezi unafanya jioni kwenye chumba ambacho bati limepigwa jua kutwa nzima, hiyo namba inakudanganya. Mimi wati 190 asubuhi moyo unakaa mapigo 142 kwa dakika, jioni wati hizohizo moyo 158. Na kwenye modi ya ERG, ile treina yenyewe inakushikisha wati zilizopangwa, mashine haikuhurumii, miguu ikipunguza kasi yenyewe inakaza zaidi ili wati zibaki palepale, mpaka pedali inakwama kabisa.

Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kipande cha dakika nane, pedali inakuwa nyepesi ghafla kama mnyororo umetoka, wati zinaganda kwenye kioo na raouta inazima. (Treina ya Tacx Neo ina sifa ya kufanya kazi hata bila kuchomekwa ukutani, ila kaka ameshanunua yake.) Bando nalo, Zwift ikishapakuliwa inakula kidogo, apu nyingine, Rouvy, yenye video za barabara za kweli ukiitazama moja kwa moja inakula haswa.

Bei: Zwift tangu 2024 ni dola 19.99 kwa mwezi, kama shilingi elfu hamsini, na TrainerRoad haiko mbali na hapo. Kuna apu nyingine, MyWhoosh ya Abu Dhabi, hiyo ni bure, ina mazoezi ya kupangwa na mashindano, na hata ubingwa wa dunia wa UCI, shirikisho la baiskeli duniani, wa baiskeli za mtandaoni 2024 ulifanyika humo.

Kwahiyo kaka, miezi hii ya mwanzo usilipe kitu, tumia MyWhoosh, mazoezi mawili kwa wiki, Jumamosi toka mapema uende barabara ya Kondoa. Zikibaki wiki 12 lipia TrainerRoad, na ukiona jioni moyo unazidi ule wa asubuhi shusha wati asilimia tano bila aibu. Kama unajijua peke yako hupandi, basi lipia Zwift, ila mashindano mara moja kwa wiki, na kesho yake iwe siku ya kuogelea. Na hiyo elfu hamsini ya mwezi wa kwanza kanunulie feni, uiweke mbele yako usawa wa kifua, af ndo upime FTP.