Ushuru Ulishuka, Hasira Ikapanda: Boston kabla ya 1776

Chai ambayo walowezi wa Boston, mji wa koloni la Uingereza la Massachusetts huko Amerika, waliimwaga baharini usiku wa 16 Desemba 1773 wakipinga ushuru wa London ilikuwa ya bei nafuu. Sheria ya Chai ya mwaka huo iliiruhusu East India Company, kampuni ya Uingereza ya biashara na Asia, kupeleka shehena moja kwa moja Amerika na kurudishiwa ushuru wa Uingereza, hivyo ingeshindana hata na ya magendo kutoka Uholanzi. Anayedai walowezi waligombea bei hajatazama hesabu.

Hoja ya London haikuwa nyepesi. Vita vya Miaka Saba vilipokwisha 1763, deni la taifa lilikuwa limepanda kutoka takriban pauni milioni 75 hadi milioni 130 na ushei, na Mwingereza wa kawaida alilipa kodi kubwa kuliko mlowezi wa Massachusetts. Kilio cha kukosa mbunge? Manchester nayo haikuwa na mbunge wake.

Kosa lilikuwa katika ukusanyaji. Ushuru wa molasi tangu 1733 ulikuwa peni 6 kwa galoni, ila maofisa wa forodha walifumba macho wakipewa kitu kidogo. Mwaka 1764 ukashushwa hadi peni 3, safari hii kwa doria za manowari, hati za kila shehena na kesi zisizo na juri. Bunge likaona limepunguza nusu. Mfanyabiashara, ambaye hakuwahi kulipa zile 6, akaona amepandishiwa. Kodi ya stempu ya 1765, iliyotozwa kwenye hati za kisheria na magazeti, ilidaiwa kwa sarafu ya Uingereza, iliyokuwa adimu huko, tena ikawagusa wanasheria na wachapaji magazeti. Ukitafuta adui mwenye kalamu, hapo umempata.

Ikiingia Amerika, chai ilibaki na ushuru wa peni 3 kwa ratili. Kiasi ni kidogo, lakini sheria ya 1767 iliruhusu mapato hayo yalipe magavana na majaji. Awali baraza la koloni ndilo lililopitisha mshahara wa gavana, na likikasirika lilichelewesha. Thomas Hutchinson, gavana wa Massachusetts, alipoanza kulipwa na Mfalme mwaka 1772, kamba hiyo ilikatika. Hapa naona walowezi walikuwa na haki, ingawa wengine waliopaza sauti walikuwa wenye magendo, na nyumba ya Hutchinson ilikuwa imevunjwavunjwa na umati 1765.

Meli Dartmouth, iliyobeba chai, ilifika Boston 28 Novemba 1773. Ushuru ulipaswa kulipwa ndani ya siku 20, la sivyo forodha wangekamata shehena. Philadelphia meli ya chai iligeuzwa na kurudi. Boston, Hutchinson, ambaye wanawe walikuwa miongoni mwa mawakala wa chai hiyo, alikataa kutoa kibali cha kuondoka. Masanduku 342 yakaishia majini siku moja kabla ya muda kwisha.

London ingeweza kuwasaka wahusika na kudai fidia. Benjamin Franklin mwenyewe, aliyekuwa wakala wa Massachusetts huko London, aliona chai ilipwe. Badala yake ikafunga bandari nzima kuanzia 1 Juni 1774, ikawaadhibu hata waliolaani kitendo hicho. Kufikia Septemba, makoloni 12 kati ya 13 yalikuwa na wajumbe Philadelphia, kwenye kongamano la kupinga hatua hizo za London.